Kutoka 9-3 hadi 9-11: bekihendi ya vipele ya Mima Ito na gharama yake

Tarehe 29 Julai 2021, kwenye ukumbi wa Tokyo Metropolitan Gymnasium, Mima Ito wa Japani alikuwa anaongoza 9-3 katika seti ya pili ya nusu fainali ya mpira wa meza ya Olimpiki dhidi ya Sun Yingsha wa China. Seti ya kwanza alishaipoteza 3-11, kwa hiyo hii ilikuwa nafasi ya kurudi mchezoni. Hakupata pointi nyingine. Sun alichukua nane mfululizo, seti ikaisha 9-11, na mbili zilizofuata zikaenda 6-11 na 4-11. Nne bila.

Jibu la haraka la wengi lilikuwa presha. Sikatai kwamba ilikuwepo. Lakini siku chache kabla, Ito huyu huyu akiwa na Jun Mizutani katika mashindano ya wawili mchanganyiko, walikuwa nyuma 2-9 katika seti ya saba dhidi ya Wajerumani Patrick Franziska na Petrissa Solja, wakaokoa pointi saba za mechi (ambazo wapinzani wangepata hata moja tu wangeshinda) na kushinda 16-14. Tarehe 26 wakawafunga Xu Xin na Liu Shiwen wa China 4-3 baada ya kupoteza seti mbili za mwanzo, wakaipa Japani dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki katika mpira wa meza. Mtu aliyepita hapo hashikwi kiwewe kirahisi hivyo.

Kuna jambo jingine la kuhesabu. Sevu, yaani mpigo wa kuanzisha pointi, hubadilishana kila baada ya pointi mbili. Ukihesabu kuanzia 9-3, katika zile pointi nane za Sun, nne Ito ndiye aliyepiga sevu. Alizipoteza zote nne, na sevu ni silaha yake kubwa. Hapo ndipo kisa hiki kinapokuwa na manufaa kwa mtu yeyote aliyebandika vipele, yaani raba yenye vinundu vinavyotazama nje, upande wa bekihendi (mpigo wa mgongo wa mkono) kama Ito, hata kama anacheza kwenye ukumbi wa mtaa na hana ndoto ya Olimpiki. Kwa maoni yangu, seti ile inaonyesha deni la vipele vifupi kuliko mechi zote alizoshinda Ito.

Raba yenyewe

Raketi ya Ito ina raba laini (yenye uso usio na vinundu) upande wa fohendi (mpigo wa kiganja) na vipele vifupi upande wa bekihendi. Vipele ni vile vinundu vidogo ambavyo kwenye raba ya kawaida vimegeuziwa ndani na kushikana na sponji. Kwenye raba ya vipele vinatazama nje, na ndivyo vinavyoupokea mpira. Kanuni zinaruhusu, mradi raba, sponji na gundi kwa pamoja visizidi unene wa milimita 4.0, upande mmoja uwe mweusi na wa pili uwe na rangi angavu. Mpinzani huonyeshwa raketi kabla ya mechi. Kwa hiyo anayedhani anashinda kwa kuficha raba amechelewa: rangi zinamwambia mpinzani upande upi umeugusa mpira.

Lakini vifupi si virefu, na mkanganyiko huu umewapoteza wengi. Vipele virefu hupinda mpira unapogusa na huacha spini (mzunguko wa mpira) ya mpinzani imrudie mwenyewe. Ndivyo anavyocheza Manika Batra wa India, bingwa wa wanawake wa Michezo ya Jumuiya ya Madola 2018. Vifupi ni vigumu, havipindi sana, na kazi yake ni kushambulia. Ukichukua ushauri wa virefu, wa kusubiri mpira na kuusindikiza taratibu, ukautumia kwenye vifupi, utakuwa unamlisha mpinzani mipira mirahisi. Kwa kweli sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa vipele vifupi zinatoka kwa watu wanaovichezea kama virefu.

Na wale wanaosema vipele ni njia ya mkato ya asiyejua kupiga bekihendi, wamtazame Liu Guoliang. Alikuwa anashika raketi kama kalamu, vipele vifupi upande wa fohendi, na mwaka 1996 kule Atlanta alichukua dhahabu ya mmoja mmoja na ya wawili wawili. Hakuna mkato pale.

Kinachotokea mpira ukigusa

Raba laini hushika mpira. Mpira wenye spini ya juu (unaozunguka kuelekea mbele) ukifika, raba inaung'ang'ania na kuufanya uruke juu, ndiyo maana tunafunga raketi, yaani tunainamisha uso wake kuelekea meza. Vipele vifupi vinagusa mpira kwenye eneo dogo na vinashika kidogo tu. Mpira hauruki kwa nguvu ile. Aliyetoka kwenye raba laini akiendelea na pembe yake ya zamani, mpira unaingia wavuni, na kila ukiingia wavuni anazidi kuupangusa kwenda juu ili aunyanyue. Kupangusa ni kuteleza juu ya vipele. Hapo ndipo malalamiko yanapoanza: raba mbaya, imekwisha, haina nguvu.

Faida iko kwenye mpira unaotoka. Ukiuchapa bapa mpira wa spini ya juu kwa vipele, ule mzunguko wa mpinzani haugeuzwi wote. Mpira unarudi karibu mtupu, yaani bila spini, pengine na spini ya chini (mzunguko wa kurudi nyuma) kidogo, unapita chini na kuzama baada ya kudunda. Mpinzani aliyezoea kupokea spini ya juu anaufunika kama kawaida na kuuzamisha wavuni. Kwa mpira uliokatwa, yaani wenye spini ya chini, ni hivyo hivyo: kwa kuwa vipele havichukui spini nyingi, unaweza kuuchapa moja kwa moja mpira ambao mwenye raba laini angelazimika kuuzungusha kutoka chini.

Sasa tuje kwenye gharama. Spini ya juu ndiyo inayoupinda mpira ushuke mezani. Vipele vinakunyima sehemu kubwa ya msaada huo, kwa hiyo unabaki na uvutano wa dunia na urefu wa mpira pale ulipougusa. Fanya hesabu ndogo. Wavu una sentimita 15.25 na uko katikati ya meza yenye urefu wa mita 2.74. Ukisimama kwenye ukingo wa meza na kupiga mstari ulionyooka kabisa unaogusa juu ya wavu na kufika ukingo wa upande wa pili, lazima uwe umeugusa mpira kwenye kimo cha sentimita 30.5 juu ya meza, mara mbili ya wavu. Uvutano unakupunguzia sharti hilo, lakini kadiri unavyopiga kwa kasi ndivyo unavyokupunguzia kidogo zaidi: mpira unaokwenda mita 15 kwa sekunde unavuka meza kwa karibu sekunde 0.2 tu, haupati muda mrefu wa kuanguka. Mpira ukishuka chini ya wavu, mchapo bapa wenye kasi hauna njia. Ama unagonga wavu, ama unatoka nje. Mwenye raba laini kwenye hali hiyo hiyo anazungusha, mpira unapanda na kupinda ndani.

Ndiyo kusema bekihendi ya vipele vifupi ina dirisha dogo la wakati: mpira unapopanda, karibu na kilele, na kileleni penyewe. Baada ya hapo unaomba huruma. Mtu mwenye kimo cha Ito, takriban sentimita 150, akisogea nyuma anapata mpira chini zaidi kuliko mrefu, kwa hiyo hana budi kubaki kwenye meza.

Kwa nini Stockholm ilikuwa tofauti

Novemba 2018, kwenye mashindano ya wazi ya Uswidi, Ito aliwatoa Liu Shiwen robo fainali na Ding Ning nusu fainali, kisha akamfunga Zhu Yuling 4-0 fainali. Wachina watatu wa daraja la juu kwenye shindano moja. Hakuwa mgeni; alishashinda mashindano ya wazi ya Ujerumani mwaka 2015 akiwa na miaka 14, na mama yake, mchezaji wa zamani, alikuwa amemfundisha tangu akiwa mdogo mno. Lakini ile wiki ya Stockholm ndiyo iliyoonyesha mfumo wake ukifanya kazi wote kwa pamoja.

Mfumo wenyewe unategemea mipira mitatu ya mwanzo. Sevu ngumu kusomeka, au kupokea sevu kwa bekihendi ya vipele mapema kabisa, na mara nyingine hata mpira uliokuja upande wa fohendi. Jibu la mpinzani linatoka legevu au limeinuka kidogo, kisha fohendi bapa inamaliza, ule mchapo ambao mashabiki wa Japani wameuita ngumi ya Mima. Tazama mgawanyo wa kazi: vipele vinaandaa, raba laini inamaliza. Wanaoanza na vipele huwa na shauku ya kumaliza kwa bekihendi, kwa sababu mchapo unalia vizuri. Ito anamaliza kwa bekihendi pia, lakini silaha ya kwanza ya vipele vyake ni kumnyang'anya mpinzani muda.

Silaha hiyo ina tatizo moja: inazoeleka. Wachina wana desturi ndefu ya kuwaweka wachezaji wa mazoezi waige mtindo wa mpinzani wanayemhofia, raba ile ile na sevu zile zile. Mpira mtupu unaozama unakukuta mara ya kwanza, ya pili, ya kumi. Baada ya kuuona kila siku kwa miezi, unainyanyua raketi kidogo na mshangao umekwisha. Kati ya Stockholm na Tokyo ilipita miaka karibu mitatu.

Pointi nane

Sun anatumia raba laini pande zote mbili. Ana spini nzito, anasimama imara, na zaidi ya yote anarudisha mpira mrefu karibu na ukingo wa meza mara kwa mara bila kuchoka. Mpira mrefu wenye spini nzito ukidunda unaruka na kuendelea kwenda nyuma, kilele chake kinakuwa nje ya meza. Mwenye vipele ana njia mbili: auguse ukiwa bado unapanda, jambo linalohitaji miguu na macho vifanye kazi kwa pamoja bila kosa, au arudi hatua moja nyuma. Akirudi, dirisha limefungwa.

Ukiwa mbele 9-3, na mpinzani hana cha kupoteza ila kurudisha mipira, ni rahisi kuanza kutaka pointi ije yenyewe. Mchezaji wa raba laini anaweza kumudu hilo, maana anaweza kucheza mpira wa salama wenye spini nyingi na upinde mkubwa. Vipele vifupi havina mpira wa salama wa namna hiyo. Ukipunguza kasi ili usikosee, unapeleka mpira mtupu, mfupi kidogo, kwenye kimo cha kupendeza, kwa mtu mwenye fohendi ya Sun. Kwa kuwa Ito alipoteza hata sevu zake nne, tatizo halikuwa kupokea peke yake. Pointi iliporefuka baada ya mpira wa tatu, faida ilihamia upande wa pili wa meza.

Siku hiyo hiyo alirudi kugombea shaba na Yu Mengyu wa Singapore. Akapoteza seti ya kwanza 6-11, kisha akachukua nne mfululizo na kuwa mwanamke wa kwanza wa Japani kupata medali ya Olimpiki ya mmoja mmoja katika mchezo huu. Raba ile ile na mkono ule ule, dhidi ya mpinzani ambaye hakuweza kumsukuma nyuma namna ile. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mechi ya Sun ilithibitisha kwamba vipele vimepitwa na wakati. Ilithibitisha mahali vinapofia.

Kinachofaa kufanyiwa kazi mazoezini

Wengi waliobandika vipele wanafundisha mkono: kifundo, pembe, mzunguko wa kiwiko. Mkono una mambo machache na yanamalizika haraka. Kiwiko kiwe mbele ya mbavu, raketi ianzie karibu na kitovu, kigasha kinyooke kuelekea unakotaka mpira uende, kifundo kikaze wakati wa kugusa. Safari ya raketi ni fupi. Ukiona raketi yako inaishia juu ya bega, bado unazungusha kwa raba ambayo haishiki. Sikiliza pia sauti: mchapo mzuri unatoa mlio mkavu wa ubao, ulioteleza hautoi kitu.

Kazi kubwa ni miguu na wakati. Chora mstari wa chaki au bandika utepe sakafuni kiasi cha nusu mita nyuma ya meza. Mwenzako akupe mipira mirefu yenye spini ya juu kwenye bekihendi, mmoja mmoja kutoka kwenye ndoo, nawe usiuvuke mstari kwenda nyuma kwa sababu yoyote. Mwanzoni utakosa vibaya. Usipige kwa nguvu, weka tu raketi karibu wima na uuguse ukiwa unapanda, uache nguvu ya mpinzani ifanye kazi. Jicho likishazoea kudunda ndipo uongeze kigasha. Ukianza na nguvu kabla ya wakati, mwili utajitafutia muda kwa kurudi nyuma, na tabia hiyo kuing'oa baadaye ni kazi.

Mpira uliokatwa unahitaji kitu kingine. Fungua uso wa raketi kidogo, usubiri kileleni, uchape kwenda mbele na juu kidogo kwa uamuzi. Nusu uamuzi ndiyo inayoua hapa. Wengi wanashangaa kwamba mpira huu, uliowatesa walipokuwa na raba laini, unakuwa rahisi ndani ya wiki chache. Furaha hiyo ina mtego wake, maana inawafanya wadhani wameshaijua raba.

Mgumu kuliko yote ni mpira mtupu, wa polepole, ulioanguka katikati ya meza. Hauna spini ya kukopa wala kasi ya kukopa. Kila mpinzani mwenye akili akishajua una vipele ataupeleka hapo, na hata kwenye klabu ndogo kuna mzee mmoja anayejua hilo bila kufundishwa na mtu. Usijaribu kuumaliza. Sogea ndani kwa mguu, uupate juu ya wavu, uuelekeze kwenye kona au kwenye kiwiko cha mpinzani kwa kasi ya wastani, na uwe tayari kwa fohendi. Kama mpira umeinuka vya kutosha na una nafasi, zunguka uupige kwa fohendi kabisa. Mazoezi ya mpira huu yachukue muda mrefu kuliko ya mingine yote, na ndiyo yanayorukwa mara nyingi kwa sababu hayapendezi kutazama.

Kisha kuna zoezi ambalo kisa cha Tokyo kinalidai. Cheza seti zinazoanzia 9-3, wewe ukiwa mbele, mwenzako akiwa na ruhusa ya kurudisha mipira mirefu tu. Sharti lako ni moja: kila mpira wa bekihendi uguswe mbele ya mstari wa utepe, hata kama unatoka nje. Ukishinda seti kwa kurudi nyuma, haihesabiwi. Ukipoteza ukiwa mbele ya mstari, hakuna tatizo. Mtu anajifunza kwamba kuongoza hakumpi ruhusa ya kupoa.

Kuhusu sponji, usianze na nene. Milimita 1.5 hadi 1.8 inatosha kwa anayejifunza, juu ya ubao usio na kasi kubwa. Sponji nene yenye nguvu inaficha makosa ya wakati kwenye mipira rahisi na kuyaanika kwenye mipira migumu, na ubao wa kaboni chini yake unamnyima mkono nafasi ya kuuhisi mpira. Nunua raba moja, uikae nayo. Anayebadilisha vipele kila mwezi anapima raba, hajifunzi kucheza.

Ipo hali ambayo sitamshauri mtu aendelee. Kama wewe ni mrefu, unapenda kucheza mbali na meza, na furaha yako ni mipira mirefu ya spini kwa spini, vipele vifupi vitakupinga kila siku. Miguu ya mtu ina silika yake. Jipe msimu mmoja wa mazoezi ya utepe. Kama mwishoni bado unajikuta nyuma ya mstari kila mpira unapokuwa mgumu, bandua vipele na urudishe raba laini. Bekihendi yako inataka nafasi ambayo raba hii haiwezi kukupa.